Jahazi la Sindbadi: Sanamu Lisilo na Mtu, na Mikono Iliyolishona



Safari hii hatuanzi na hina wala mapambo ya ukumbi. Tunaanza ndani ya treni, maana ndiko lilikozaliwa hili tunalotaka kuwasimulia.

Tulikuwa tunampeleka bi harusi Ugalla. Ndiyo, Ugalla ya Mkoa wa Katavi, huko ambako wengi wetu wa visiwani tunakusikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu. Nikaha ilikwisha fungwa Unguja, na sasa ilibaki kumfikisha kwa wakwe zake. Tulikuwa wanawake sita, yeye wa saba. Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda treni ya Reli ya Kati mpaka Tabora, kisha tukashika tawi la reli linalopita Kaliua kwenda Mpanda. Huko njiani ndiko treni inakovuka Mto Ugalla, unaopeleka maji yake Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Kwa sisi tuliozoea kuiona bahari kila tugeukapo, ile miti ya miyombo isiyokwisha ilikuwa bahari ya namna nyingine.

Bi harusi alikuwa kimya. Alikuwa ameridhia ndoa yake kwa moyo mmoja, lakini kuridhia ni kitu kimoja na kuiacha pwani nyuma yako ni kitu kingine. Katika sanduku lake mlikuwamo kila ambacho mngekitarajia: doti za kanga, udi, mafuta ya nazi, msahafu aliopewa na baba yake. Mlikuwamo pia na kitita cha kamba za makumbi, kilichotiwa na bibi yake wa Bwejuu kwa mkono wake mwenyewe. Wasichana walipokiona walicheka. "Kamba ya nini tena hii, ya kufungia mbuzi?" Bibi hakuwajibu. Alisema tu, "Mtamwuliza Bi Mkubwa njiani."

Bi Mkubwa wetu aliwahi kuishi Maskati miaka mingi. Aliondoka nchini akiwa msichana, akaolewa huko, akazaa huko, na uzeeni akarudi Unguja. Ni mtu wa hadithi. Tulipokaribia Ugalla mmoja wetu aliuliza kama kweli huku kuna tembo, naye Bi Mkubwa akaanza kutusimulia safari ya saba ya Sindbadi Baharia. Alipomaliza, binti mdogo kuliko wote akauliza: "Hivi Sindbadi ana sanamu mahali?" Bi Mkubwa akacheka. "Analo, Maskati. Ila mwenyewe hayumo."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Sanamu lililoko mzungukoni

Ukitoka mjini Maskati kuelekea hoteli kubwa ya Al Bustan Palace, utakuta mzunguko wa barabara, na katikati ya mzunguko limesimama jahazi zima, lenye milingoti yake, juu ya nchi kavu. Jina lake ni Sohar. Limewekwa pale kuwa kumbukumbu ya Sindbadi, yule baharia wa Alfu Lela Ulela aliyesafiri mara saba na mara saba akarudi. Si jahazi la saruji wala la mapambo. Ni chombo kilichokwenda bahari kuu kikafika China.

Miji mingine ya dunia huwakumbuka watu wa hadithi kwa kuwachongea maumbo. Copenhagen, Denmark, tangu mwaka 1913 kuna sanamu la nguva mdogo aliyetungwa na Hans Christian Andersen, ameketi juu ya jiwe kando ya maji. Baghdad nayo ina masanamu mawili mashuhuri yaliyotoka katika Alfu Lela Ulela, yote mawili kazi ya mchongaji Mwiraki Mohammed Ghani Hikmat, ya miaka ya mwanzo ya 1970. La kwanza ni la Shahrazadi akimsimulia mfalme Shahriyari, kando ya mto Tigris. La pili huitwa Kahramana: binti anayemimina mafuta ndani ya mitungi, kwa kumbukumbu ya yule mjakazi wa kisa cha Ali Baba aliyewashinda wezi arobaini kwa akili yake.

Dada zetu, Shahrazadi na Kahramana ni wanawake wa kuheshimiwa katika hadithi. Shahrazadi aliolewa na mfalme aliyekuwa akiwaua wake zake asubuhi ya pili, akajiokoa na akawaokoa wanawake wa mji wake kwa maneno yake. Hatuoni ajabu watu wa Baghdad kutaka kumkumbuka. Lakini tunajua pia kwamba wengi wetu, kwa dini yetu, mioyo yetu husita mbele ya sanamu la mtu. Hapa hatutoi fatwa; waulizeni masheikh wenu. Tunakumbusha tu lile linalojulikana, kwamba wanazuoni wengi wamekataza kuchonga viumbe wenye roho, na kwamba Ibn Abbas, Allah amridhie, alimshauri mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo atengeneze miti na vitu visivyo na roho.

Ndiyo maana sanamu la Sindbadi la Maskati lilitugusa. Ni ukumbusho wa mtu wa hadithi, umesimama hadharani, kila apitaye anajua ni wa nani, na hauna uso wala mwili. Aliyeachwa pale si Sindbadi bali chombo chake. Na chombo, tofauti na uso, kinakulazimisha uulize: kilitengenezwaje, na nani alikitengeneza?

Sindbadi alitoka wapi?

Tuanze na yeye mwenyewe. Wengi tunadhani Sindbadi amekuwa ndani ya Alfu Lela Ulela tangu mwanzo. Sivyo. Visa vyake vilikuwa kitabu cha pekee. Mfaransa Antoine Galland, aliyekuwa wa kwanza kuzitafsiri hadithi hizi kwa watu wa Ulaya, alikitafsiri kisa cha Sindbadi kwanza, kisha ndipo akakiingiza katika mkusanyiko wake uliochapishwa mwanzoni mwa karne ya 18. Tangu hapo hawakuachana tena. Wala Sindbadi hakuwa mtu mmoja aliyeishi kweli. Ni mchanganyiko wa masimulizi ya mabaharia wengi wa Basra, Siraf na Oman, waliosafiri kwa pepo za msimu karne nyingi zilizopita, wakarudi na habari za kweli na za chumvi.

Watu wa Oman husema Sindbadi alizaliwa Suhar, mji wa pwani ya kaskazini ya nchi yao. Ni mapokeo, na mapokeo yana mahali pake. Ila ni kweli kwamba Suhar ilikuwa bandari kubwa. Mwanajiografia al-Muqaddasi, katika karne ya 10, aliusifu mji huo kuwa mlango wa kuendea China. Jahazi la mzungukoni limechukua jina lake huko.

Baadhi ya masimulizi hayo yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kitabu cha karne ya 10 kiitwacho Ajaib al-Hind, Maajabu ya India, kilichokusanywa na nahodha Buzurg ibn Shahriyar, kina kisa cha chombo kilichotoka Oman mwaka 310 Hijria, sawa na 922, kikasukumwa na upepo hadi pwani ya Zanj, yaani pwani yetu. Mfalme wa huko aliwapokea wafanyabiashara kwa wema, wakauza na kununua bila dhuluma. Siku ya kuondoka alipanda chomboni kuwaaga. Wakatweka matanga wakaondoka naye, wakamwuza Oman kama mtumwa. Mfalme yule alifika Basra na Baghdad, akasilimu, akahiji, akapitia Misri akarudi kwao, akakuta kiti chake bado kinamngoja. Miaka ilipopita wafanyabiashara walewale wakasukumwa tena pwani ileile, wakajua mwisho wao umefika. Akawasamehe, kwa kuwa kwa sababu yao aliijua dini.

Huwa tunakitaja kisa hiki kwa ajili ya msamaha wake, na ni haki. Lakini tusiusahau mwanzo wake. Bahari ile ya Sindbadi haikubeba manukato na hariri tu.

Tembo wa safari ya saba

Ndipo turudi Ugalla. Safari ya saba ya Sindbadi ina masimulizi zaidi ya moja, na alilotusimulia Bi Mkubwa ni hili. Sindbadi anatekwa na maharamia, anauzwa utumwani. Bwana wake anamwuliza kama anajua kutumia upinde. Anajua. Basi kila siku anapandishwa juu ya mti msituni, awapige mishale tembo wanaopita, ili bwana achukue pembe. Anaua tembo siku baada ya siku, mpaka siku moja kundi zima linauzunguka mti wake. Tembo mkubwa anaung'oa mti, anambeba Sindbadi mgongoni, na badala ya kumkanyaga anampeleka mahali palipojaa mifupa na pembe za tembo waliokwisha kufa. Ni kama wanamwambia: mkitaka pembe zipo hapa, tuacheni sisi hai. Bwana wake anatajirika bila kuua tena, na kwa furaha anamwacha huru.

Kuisikia hadithi hii dirishani mwa treni, miyombo ya Ugalla ikipita gizani, si sawa na kuisikia barazani Mji Mkongwe. Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Tabora kwenda Ziwa Tanganyika zilipita nchi hizi za Ugalla na Ukonongo. Pembe za ndovu zilitoka bara kwa mabega ya watu, miezi kadhaa ya kutembea kwa miguu, hadi Bagamoyo, na kutoka hapo hadi Unguja. Watu pia walitembezwa njia hiyohiyo kwa minyororo. Uislamu ulifika Tabora na kando ya ziwa kwa njia hizo, alhamdulillahi. Na dhuluma ilipita njia hizo pia. Yote mawili ni kweli, na bi harusi wetu alikuwa anaolewa katika nchi inayoyajua yote mawili.

Bi Mkubwa alituambia: "Ndiyo maana mimi sikusikitika kwamba Sindbadi hakuchongwa. Mngemchonga yupi? Tajiri wa Baghdad au mtumwa juu ya mti?"

Jahazi bila msumari

Sasa tulitazame jahazi lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, msafiri na mwandishi Tim Severin alikuwa na swali. Hapo awali alikwisha kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mashua ya ngozi, kuonyesha kwamba safari ya mtawa mmoja wa Kiairishi wa zamani inayosimuliwa katika hadithi iliwezekana. Sasa aliuliza: Je, vyombo vya wakati wa Sindbadi viliweza kweli kufika China? Sultani Qaboos bin Said aliigharamia kazi hiyo, na jahazi likaundwa mwaka 1980 katika mji wa Sur. Wazee wetu waliijua Sur. Majahazi yake ndiyo yaliyokuwa yakishuka na kaskazi kila mwaka hadi Unguja na Mombasa, yakirudi na kusi.

Sharti la kwanza lilikuwa hili: mbao za jahazi zisipigwe hata msumari mmoja. Zishonwe. Mafundi walitoboa maelfu ya matundu kandokando ya mbao, wakapitisha kamba za makumbi ya nazi, wakavuta na kukaza, mbao kwa mbao, hadi jahazi la futi 87 likasimama. Kamba zilizotumika zilikaribia urefu wa maili 400, zaidi ya kilomita 600. Nazo hazikusokotwa kwa mashine. Severin alizitafuta katika Visiwa vya Lakshadweep, upande wa magharibi wa India, ambako makumbi yalikuwa bado yanaozeshwa katika maji ya bahari, yanapigwa kwa rungu la mti na kusokotwa kwa mkono.

Novemba 1980, Oman ikiwa katika sherehe za miaka kumi ya utawala wa Qaboos, Sohar ilitweka matanga na watu wapatao 25 ndani yake, Waomani wanane miongoni mwao. Walipita pwani ya Malabar, wakafika Sri Lanka. Walipokuwa wakielekea Sumatra upepo ukakata. Walielea karibu mwezi mzima, wakikinga maji ya mvua ili wanywe. Foromali kubwa ilivunjika. Lakini mishono ilishika. Julai 1981 waliingia bandari ya Canton, China, baada ya maili zipatazo 6,000.

Wakati huo lilikuwa jaribio tu. Mwaka 1998 ushahidi wenyewe ulipatikana chini ya bahari, karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia: chombo cha karne ya 9 kilichozama kikiwa na maelfu kwa maelfu ya vyombo vya udongo vya Kichina, na mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba. Sindbadi alikuwa hadithi, lakini jahazi lake halikuwa hadithi.

Kwa nini kushona?

Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu. Bahari hizi zina miamba mingi, alisema. Chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka, lakini kilichoshonwa kwa kamba kina ulaini, hujikunja kidogo kisivunjike. Watu wa kale walikuwa na maelezo mengine pia. Katika Alfu Lela Ulela umo mlima wa sumaku unaovuta misumari yote ya chombo kinachoukaribia, mbao zikatawanyika majini. Ni ngano, lakini ngano inayojua kwamba msumari una mwisho wake.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda Sur kuyajua haya. Chombo cha kushonwa kilikuwa chetu. Mtepe wa Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni ulishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake halikuwa la nguo bali la mkeka uliosukwa. Mitepe ya mwisho ilionekana katika miaka ya 1930 hivi, ikaisha. Mwaka 2003 mmoja uliundwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib hapa Unguja, na wengi wetu tulipelekwa na shule kuutazama. Jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, Allah awarehemu.

Nani alizisokota?

Hili ndilo swali ambalo bibi wa Bwejuu alitaka tuulize.

Ukisoma habari za jahazi la Maskati, utakutana na jina la msafiri, la sultani, la mji, na la baharia wa kubuniwa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Majina ya waliosokota zile maili 400 hutayakuta kwa urahisi. Nasi tunajua kazi hiyo ni ya nani. Katika visiwa vya Lakshadweep, ambavyo watu wake ni Waislamu kama sisi, kusokota kamba za makumbi ni kazi ya wanawake tangu zamani. Visiwa hivyo vina jadi ya kufuata nasaba ya mama. Nyumba ni ya ukoo wa mwanamke, na mume ndiye anayekuja kwa mke.

Huku kwetu pia ni hivyohivyo, kwa upande wa kazi. Paje, Bwejuu na Jambiani, wanawake walishuka pwani maji yakitoka, wakafukia makumbi kwenye mchanga na kuyagandamiza kwa mawe, wakayaacha miezi kadhaa yaoze. Kisha wakayafukua, wakayaponda kwa rungu mpaka usumba ukabaki mweupe, wakausokota juu ya mapaja yao. Anayeijua harufu ya makumbi yaliyofukuliwa hawezi kuisahau. Kwa kamba zile mama zetu walinunua sare za shule na sukari ya Ramadhani. Zilifunga boriti za nyumba, zilitandika vitanda, zilitia nanga. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza upande ule mwaka 1989, wengi waliyaacha makumbi wakaingia mwani, na mabinti wa leo wengi hawajawahi kushika rungu lile.

Ni ajabu kidogo, au si ajabu hata kidogo. Jahazi likiwa mbali, mpita njia huona mlingoti na umbo lake zuri, akasema, "Sindbadi." Akisogea karibu ataona mishono, safu juu ya safu, ndiyo inayoshika kila kitu. Sanamu la Sindbadi halina Sindbadi, lakini wanawake wamo, kila shibiri.

Kwa bi harusi

Hapo Bi Mkubwa akamgeukia bi harusi, na sisi wengine tukanyamaza, maana somo anapozungumza na mwari wake hukatizwi.

Alimwambia hivi, kwa kadiri tunavyokumbuka. Kuna watu wanadhani ndoa hupigwa misumari siku ya harusi, ikaisha kazi. Mahari yamelipwa, picha zimepigwa, basi. Msumari unashika sana siku ya kwanza. Kisha chumvi huingia, kutu hula taratibu, na wewe huoni kitu mpaka siku ya mwamba. Chombo cha kamba si hivyo. Kinahitaji kutazamwa. Baada ya kila safari wazee walikivuta pwani, wakakagua mishono, wakakaza iliyolegea, wakabadilisha iliyochoka, wakapaka sifa ndani na deheni nje. Mwenye chombo cha kamba hajifanyi kwamba hakivuji. Anajua kinavuja wapi.

"Na kamba haiumizi ubao," alisema. "Inaushika bila kuupasua. Akikushika mtu kwa kukupasua, hiyo si kamba. Rudi kwenu, milango haijafungwa."

Tuliliandika hilo la mwisho kwa makusudi, dada zetu. Subira tunayofundishana katika ndoa haina maana ya kunyamazia dhuluma. Allah ameiita ndoa mapenzi na huruma, na huruma inahitaji mikono miwili ya kuvuta, mmoja huku na mmoja kule. Fundi wa kushona jahazi hafanyi kazi peke yake: mmoja yuko ndani ya chombo, mwingine yuko nje, na kamba inapita kati yao.

Tulipofika

Tulifika Mpanda, kisha tukafikishwa kijijini Ugalla kwa gari. Hatutawachosha na habari za walima. Tosha kusema kwamba wali ulipikwa, kuku walichinjwa, na sisi wa kisiwani tulijifunza kucheza ngoma ambayo miguu yetu haikuijua.

Lakini jambo moja tuwaambie. Mama mkwe alimpokea mwanawe kwa asali. Ugalla ni nchi ya nyuki, na asali ya miyombo ina wekundu na uzito wake. Aliileta ndani ya kilindo cha zamani, chombo cha gome la mti lililokunjwa duara. Mmoja wetu alikigeuza kukitazama. Pale gome lilipokutana na gome, palikuwa pameshonwa kwa kamba za magome. Hapakuwa na msumari.

Bi harusi alikitazama kwa muda. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa kile kitita cha bibi yake, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akakipima kwa vidole, akakivuta, akauliza, "Hii ni ya mti gani?" Bi harusi akajibu, "Ya mnazi, mama. Bibi yangu kaisokota." Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote ya siku ile. Wakakaa mkekani, mmoja akaeleza jinsi makumbi yanavyofukiwa mchangani, mwingine jinsi gome la myombo linavyochunwa, na sisi tukatoka nje kimyakimya tukawaacha.

Basi ombi letu kwenu ni dogo. Mkijaaliwa kufika Maskati, msiishie kulipiga picha jahazi la Sindbadi kutoka dirishani mwa gari. Tazameni mishono. Na kabla ya hapo, wale wenye bibi bado yu hai Bwejuu, Jambiani, Paje, Pemba au Lamu, nendeni mkamwulize alisokota kamba ngapi, aliziuza wapi, na zilifunga nini. Andikeni jina lake. Huenda hatajengewa sanamu mzungukoni, wala hatumwombei hilo. Lakini jina lake lisipotee na hali jina la mtu asiyewahi kuzaliwa linajulikana dunia nzima.

Kwa mabibi harusi wetu wa mwezi huu, wa karibu na wa mbali, Allah awabariki, aibariki ndoa yenu, na akukusanyeni katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.